Nilivyoifunika kompyuta ya baba

Jumatano, 16 Julai

Ukungu umekaa tangu asubuhi. Saa nne ulikuwa bado mlangoni pa jikoni kama mgeni asiyejua kuaga, na nguo nilizofua Jumatatu ziko kambani, mbichi vilevile. Mwezi wa saba hapa Gare ndivyo ulivyo. Nimevaa sweta mbili na vidole bado vinasita kwenye simu ninapoandika haya.

Leo nimerudi kutoka Lushoto mjini na kompyuta ya baba. Haijapona.

Niandike kwa mpangilio, maana nikianzia mwisho sitaandika.

Kompyuta yenyewe ni ya zamani sana. Ilikuja na shehena ya kompyuta za mitumba ambazo wageni waliiletea shule aliyokuwa akifundisha baba. Alifundisha hesabu, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Shule ilipopata mpya, zile kuukuu wakaambiwa walimu wajichukulie. Wengi walizikataa, wakasema zitajaza nyumba. Baba aliileta ya kwake kwenye pikapu iliyotoka kubeba mbao Magamba, amekaa nyuma, amekumbatia skrini kama mtu anayepeleka mtoto mwenye homa hospitali. Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo. Nakumbuka alivyonikataza kumpokea. "Ina kisogo kizito hii, itakuangusha."

Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyochacha. Ukiiwasha inakoroma, inanyamaza kama imesahau ilichoitiwa, halafu ndani kitu kinakwaruza kama panzi kwenye kopo. Unasubiri. Unaweza kubandika chai ikachemka na bado unasubiri. Vumbi lililomo ndani likipata moto linatoa harufu fulani ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine chochote maishani.

Intaneti haikuwa nayo. Ilikuwa na programu ya kuandikia barua, karata za kucheza peke yako, na mchezo wa mabomu.

Kwa asiyeujua mchezo huo: ni uwanja wa vimraba vya kijivu, na chini ya baadhi yake kuna mabomu. Ukifungua kimraba salama unakuta namba. Namba hiyo inakwambia ni mabomu mangapi yanayokigusa kimraba hicho, lakini haikwambii yako upande gani. Unazipima namba zote pamoja, unajua bomu liko wapi, unaliwekea kibendera chekundu. Ukikosea mara moja uwanja mzima unalipuka. Hakuna zaidi ya hapo. Hakuna muziki, hakuna mtu wa kukupongeza.

Baba alinifundisha siku hiyohiyo ilipofika.

"Usibahatishe," aliniambia. "Namba ni kama jirani. Atakwambia kuna ubaya hapa karibu, ila nyumba hatakutajia. Nenda kamuulize jirani mwingine."

Likizo zote baada ya hapo tulikaa benchi moja. Mausi ikigoma tunafungua tumbo lake, tunatoa gololi, tunakwangua uchafu kwa ukucha. Mama alikuwa akipita na ndoo ya maji anatutania, "Mwalimu na mwanafunzi wake, mtalipuka kwanza au mtakula kwanza?" Baba hageuki. Anainua kidole kimoja, maana yake namba moja imebaki.

Naambiwa simu hii ninayoandikia ina nguvu kuliko kompyuta ile mara nyingi sana. Sawa. Lakini simu hainisubiri. Nikiishika inanipeleka huku, inaniita kule, na nikiiweka chini sikumbuki nilichokuwa nikitafuta. Kompyuta ya baba ilikuwa na swali moja tu, na swali lenyewe lilikukalia pale mpaka ujibu.

Mama alipofariki nilirudi nyumbani kukaa na baba. Ndipo nilipogundua anasahau. Alianza na funguo. Halafu kama amekula au hajala. Halafu majina. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ubongo unachoka, dawa ya kuurudisha haipo, nimzoeshe kukaa karibu na vitu alivyovizoea. Kaka yangu Joakimu akawa "yule wa Dodoma". Mimi nikawa "dada", siku nyingine "mama", siku nyingine "nesi".

Isipokuwa kwenye kompyuta.

Sijui nieleze vipi ili mtu aniamini. Nilikuwa namkalisha saa nne baada ya chai. Mchezo wa kwanza anakuwa mgeni kabisa, anatazama ukuta. Wa pili anaanza kunong'ona namba. Wa tatu mgongo unanyooka, na yule mwalimu wangu anaingia chumbani bila kubisha hodi.

"Estha, weka bendera hapo. Unaona hii moja? Imeshashiba. Hizo zilizobaki fungua bila hofu."

Estha. Jina langu, kwa sauti ileile ya benchi.

Nilianza kuziandika siku hizo kwenye shajara yangu ya karatasi, kila siku anapolitaja. Mimi ni mtu wa kuandika, hata jumuiya yetu ya kanisani ilinichagua ukatibu kwa sababu hiyo. Siku ya mwisho kuandikwa ni Jumanne, tarehe 24 Juni. Nimeandika: "Michezo minne. Ameshinda miwili. Ameniita Estha mara tatu, ya tatu kwa kunigombeza."

Kesho yake nilibonyeza kitufe cha kuwashia, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Sikuisikia hata ikikoroma.

Nililiweka lile boksi lake, ndiyo mashine yenyewe, mapajani, nimelifunga kwa kanga, nikapanda bodaboda mpaka Lushoto kwa fundi Rashidi. Skrini niliiacha nyumbani. Fundi Rashidi ni mtu mzima, ana banda lake karibu na sokoni, anatengeneza redio, pasi na kila kitu chenye waya. Aliponiona akapiga mluzi.

"Dada Estha, hiki unaleta kitengenezwe au kizikwe?"

"Kitengenezwe, fundi."

"Hili lina umri wa kuoa na kuozesha."

Nilicheka, maana kwake lazima ucheke ndipo kazi ianze. Akafungua skrubu nne, akavuta bati la ubavuni. Akaacha kucheka yeye.

Ndani kulikuwa na kutu na ukoga wa kijani, kama ule unaoota kwenye jiwe la kisimani. Waya mmoja alipougusa ukakatika wenyewe.

"Mlikuwa mnafuga konokono humu?" akauliza, lakini kwa sauti ya chini. Halafu, "Mlikuwa mnaifunika na nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kujivunia kidogo, na hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Kila baba anapomaliza kucheza naizima, palepale naivalisha mfuko mkubwa wa nailoni vumbi lisiingie, naukunja mfuko chini, halafu juu natandika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cheupe chenye kingo za kijani. Kila siku. Sijawahi kuruka hata siku moja.

Fundi Rashidi aliinamisha kichwa akawa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Dada yangu, ulikuwa unaifunika ikiwa ya moto. Na huko kwenu ukungu unaingia mpaka chumbani. Ikatoa jasho, jasho likakosa pa kwenda. Miaka mingapi?"

Minne.

Kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio ya mama ilikuwa na kitambaa chake, televisheni ya jirani ina chake, hata viti vya sebuleni vina vyao, na mgeni akiingia anajua hapa pana mwanamke. Ni baba peke yake aliyekuwa akiiacha kompyuta wazi miaka yote ile. Mama alikuwa akilalamika. "Mwalimu, kitu cha watu unakiacha kama meza ya buchani!" Baba anamjibu, "Kiache kipumue." Nilidhani ni uvivu wa kiume. Nilipokamata nyumba nikasema sasa nitaitunza ipasavyo.

Miaka yote ya uvivu wa baba kompyuta iliishi. Minne ya usafi wangu ikafa.

Sijamwambia mtu yeyote sentensi hiyo mpaka leo.

Fundi aliniomba nimwachie, akasema ataulizia Korogwe na Tanga kama kuna mwenye mzoga wa aina ile atoe vipande. Nikarudi kusubiri. Wiki ya kwanza baba alikwenda mezani kila saa nne, akakaa mbele ya skrini yake isiyo na kitu, mkono juu ya mausi. Alisogeza mausi pole pole, akabonyeza, akatazama, akabonyeza. Nilikuwa natoka nje kupalilia karoti ambazo hazikuhitaji palizi.

Nikampigia kaka Joakimu.

"Ni mchezo tu, Estha," alisema. "Michezo iko mingi. Nakutumia kishikwambi."

"Kaka, si mchezo."

"Basi ni nini? Wewe andika kwenye daftari lako, karani, mimi natuma kitu." Halafu akabadilisha sauti. "Mdogo wangu, mimi niko mbali. Kutuma ndiyo njia niliyonayo."

Nilielewa. Naye hana la kufanya, basi anafanya linalofanyika.

Kishikwambi kilifika na basi, kipya, chembamba kama sahani. Mchezo wa mabomu umo, kaka aliupakua kabla ya kukituma. Nilimkalisha baba, nikafungua. Vimraba vilikuwa vya bluu, vinang'aa, na ua kwenye kona. Baba aliugusa. Vidole vyake ni vya mtu aliyelima maisha yake yote baada ya saa za shule, vigumu na vikavu, kioo hakivisikii. Akagusa tena, hakuna. Akakandamiza, kikapokea mara mbili kwa mpigo, uwanja ukalipuka kwa mlio wa bomu la kweli na simu ikatetemeka, yaani hicho kishikwambi, kikatetemeka mkononi mwake.

"Nimefanya kosa gani?" akaniuliza.

"Hujafanya kosa, baba. Tuanze upya."

Kabla ya kuanza upya likatokea tangazo, dada mmoja anacheka na kusema jishindie sasa hivi. Baba akamwangalia kwa heshima. Akasogea kidogo kwenye benchi kumpa nafasi.

"Karibu, mama," akamwambia. "Karibu ukae. Onga mshi." Hiyo ni salamu yetu ya mchana, anaitumia kwa wageni anaowataka wajisikie nyumbani. Yule dada akaendelea kucheka, halafu akapotea, na baba akabaki anatazama pale alipokuwa. Nilikizima. Niliona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

Tumejaribu siku tano. Siku ya tano alikificha chini ya mto. Nilipokikuta aliniangalia kama mtu aliyekutwa ameiba.

Sasa leo. Fundi Rashidi alinipigia jana niende. Nilikwenda na matumaini, nikiri. Njiani nilikuwa nimeshapanga mahali pa kuiweka, mbali na dirisha, na nimeapa kitambaa nitakichoma moto.

Boksi lilikuwa limefungwa skrubu zote nne, limefutwa, safi. Nikajua. Fundi hasafishi kitu anachoendelea nacho.

"Korogwe hakuna. Tanga nimeongea na wawili," akasema. "Mmoja amenicheka kwenye simu. Dada Estha, nimefika mwisho wangu."

"Na ile sehemu inayohifadhi mambo, ile inayokwaruza? Huwezi kuihamishia kwenye nyingine?"

"Imeshika kutu nayo. Nimeiwasha haizunguki." Akasita. "Kulikuwa na nyaraka?"

"Hapana," nikasema. "Hakukuwa na nyaraka."

Hakutaka malipo. Alinibebea mpaka kwenye bodaboda akanisaidia kulifunga na kanga. Akasema, "Mpe mzee shikamoo yangu. Alinifundisha hesabu mimi, alinichapa sana." Sikuwahi kulijua hilo. Wiki tatu nzima alikuwa akihangaikia kompyuta ya mwalimu wake na hakunitajia.

Njiani nikapata wazo. Nilikuwa nimeshikilia boksi bovu, upepo wa baridi unanipiga usoni, nikawaza: mchezo wenyewe ni namba na vimraba. Hauhitaji umeme. Kichwa cha baba ndicho kompyuta.

Nilipofika sikuvua hata viatu. Nilichukua daftari la hesabu lenye mistari ya mraba, nikachora uwanja, tisa kwa tisa. Nikapanga mabomu, nikahesabu namba zote na kuzihakiki mara mbili. Nikakata boksi la sabuni vipande vidogo, nikafunika kila kimraba. Vibendera nikatengeneza kwa njiti za kiberiti na uzi mwekundu. Kazi hiyo imenichukua saa mbili na nusu, na kwa muda wote huo nilikuwa na furaha. Niliandike hilo pia. Kwa saa mbili na nusu nilikuwa na furaha.

Saa tisa nikamkalisha baba mezani. Nimekaa mbele yake, daftari katikati, kalamu yangu mkononi.

"Fungua mojawapo, baba."

Alitazama kwa muda mrefu. Akainua kipande kimoja kwa kucha mbili, akaona namba 2 chini yake. Midomo ikasogea. Akakiweka kile kipande pembeni, akainua kingine, halafu kingine, akavipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka ukingoni mwa meza. Alifunua yote. Na mabomu akayafunua, niliyachora kwa wino mwekundu, akayapita kama hayapo. Alipomaliza akanyoosha mstari wake wa vipande kwa kiganja, akakunja mikono, akanitazama machoni, halafu akaitazama kalamu yangu.

"Shikamoo," akasema.

Sikumjibu. Tangu nimepata akili mimi ndiye ninayemwamkia, kila asubuhi ya Mungu, hata siku tulizokosana.

"Baba, ni mimi. Shikamoo wewe."

Akafinya macho. Alijua kuna jambo amelikosea ila hajui ni lipi. Akaondoa kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili kifuani, nywele zake nyeupe zimelala upande. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mtu anayeamkia asijibiwe anabaki ananing'inia, na alikuwa tayari kuinama mara ya tatu.

"Marahaba," nikasema.

Mungu anisamehe. Nimeitikia shikamoo ya baba yangu.

Na papo hapo akapoa. Mabega yakashuka, akavaa kofia, akatabasamu kama mtu aliyepita kwenye usaili. Akanisogezea daftari.

"Mimi hii siiwezi, mama," akasema kwa siri. "Lakini nina binti yangu, Estha. Huyo anaijua sana. Habahatishi. Sasa hivi yuko shule, bweni. Likizo ikifika atakuja, atakuonyesha."

Sikujua niweke wapi uso. Nilitazama vile vipande alivyovipanga.

"Ana akili huyo mtoto?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilimuuliza.

"Ana akili," akasema. "Ila ana haraka ya kufunika vitu." Au labda alisema kitu kingine, alikuwa ameshageukia dirishani. Nimeandika nilichosikia, siwezi kukiapia.

"Haya, mzee," nikamwambia. "Nitamsubiri."

Saa hizi amekaa barazani amejifunika blanketi, anaangalia ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Chai iko jikoni, inabidi nimpelekee. Sijui kesho asubuhi nikiingia chumbani kwake nimwamkie, au ningoje kwanza anionyeshe mimi ni nani.